Goma na Roma: Miji Miwili ya Mawe ya Volkano

Barabara ya Appia, ambayo Waroma walianza kuijenga mwaka 312 KK kuelekea kusini mwa Italia, ilikuja kutandazwa mawe meusi yaliyochongwa katika lava iliyoganda ya vilima vya Alban. Saruji yao, iliyoshika kuta za bandari na kuba za mahekalu, ilichanganywa na majivu ya volkano, kama yale ya Pozzuoli, karibu na Napoli. Hata vilima saba vya Roma vimejaa mwamba laini uliotokana na volkano za kale. Kijana wa Majengo, komini ya Karisimbi mjini Goma, mashariki mwa Kongo, anayeketi kando ya avenyu akipasua jiwe jeusi kwa nyundo ili auze kokoto, anafanya kazi ambayo fundi wa Kiroma angeielewa bila mkalimani.

Makaisari tumewasoma shuleni: nani alimwua nani, nani alishinda vita gani. Lakini Roma haikudumu kwa majina hayo. Ilidumu kwa sababu watu wengi walikula, walikunywa, walilala na kufanya kazi mahali pamoja kizazi baada ya kizazi, na kwa sababu dola ilijua wajibu wake kwa baadhi ya mambo hayo. Tukiipima Goma kwa kipimo hicho, tunakuta wakazi ambao kwa karne moja wamejenga mji mkubwa kwa mikono yao, na watawala waliopishana bila kumaliza hata kazi ya kwanza ya mtawala wa mji.

Kabla ya mji

Volkano nane za Virunga zilipoinuka, ziliziba njia ya maji yaliyokuwa yakielekea kaskazini. Ziwa Kivu likajaa, na mwishowe likapata mlango upande wa kusini, mto Ruzizi, unaomwaga katika Tanganyika. Tangu hapo milima hiyo hugawa mvua: inayoangukia upande wa Rutshuru huenda Ziwa Edward, kisha Nile, kisha Bahari ya Kati ya Waroma wenyewe, inayoangukia upande wa Goma huishia mto Kongo na Atlantiki.

Waroma walitamani kujua chanzo cha Nile. Miaka ya 60 BK Kaisari Nero alituma askari wapande mto huo, wakakwama kwenye vinamasi vya Sudan ya Kusini ya leo. Karne iliyofuata Ptolemy wa Aleksandria aliandika kwamba Nile huanzia kwenye Milima ya Mwezi. Huko ndiko elimu yao ilikokomea. Hapa kwetu watu walikuwa wakilima na kufuga bila kumsubiri yeyote awagundue. Bakumu walikaa chini ya volkano ya Nyiragongo, katika eneo ambalo hata leo linaitwa Bukumu. Bahunde walikaa Masisi. Bwisha, upande wa Rutshuru, kulikaa wakulima na wafugaji wa Kihutu na Kitutsi. Kilichowavuta ni kilekile kilichowavuta wakulima wa Campania chini ya mlima Vesuvius: udongo wa volkano hulisha vizuri, na mlima unaoua kwa siku moja hustawisha mashamba kwa miaka mia.

Mpaka ulioleta mji

Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alivuka Rwanda, akafika Ziwa Kivu na kupanda Nyiragongo. Baada yake zikaja ramani zilizogongana, kwa kuwa Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza kila mmoja alidai sehemu ya milima hii. Mwaka 1910 walikubaliana mjini Brussels. Wajerumani wakabaki na Gisenyi, upande wa Rwanda, Wabelgiji wakabaki na kituo chao kilichoitazama Gisenyi kwa karibu, na kituo hicho ndicho Goma.

Mji unaozaliwa na mpaka si kitu kigeni. Vienna ilianza kama kambi ya jeshi la Kiroma kwenye mto Danube. Palipo na askari huja mwuza chakula, palipo na mwuza chakula huja mwenye nyumba ya kupangisha, na baada ya miaka kambi inakuwa mji. Goma ilipita njia hiyo. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika, askari wa Wabelgiji na wa Wajerumani walipigana kwenye mpaka huu tangu 1914, hadi Wabelgiji walipovuka mwaka 1916 na kuteremka mpaka Tabora.

Baada ya vita ukaja uchumi wa mkoloni. Mwaka 1925 ilianzishwa Hifadhi ya Albert, ya kwanza ya aina yake Afrika, ambayo leo ni Virunga. Ardhi nyingi yenye rutuba ikawa mashamba ya walowezi ya kahawa na pareto. Mikono ilipopungua, mwaka 1937 serikali ilianzisha mpango wa kuhamisha familia kutoka Rwanda kwenda Masisi. Roma nayo ilikuzwa na watu waliohamishwa, wengi wao wakiwa watumwa waliotekwa vitani, na mtu anayesifu barabara za Kiroma asisahau ni mabega ya nani yaliyobeba mawe yake.

Hata hivyo Goma ilibaki ndogo. Makao makuu ya Kivu yalikuwa Bukavu. Goma ilikuwa na uwanja wa ndege, ziwa, hewa ya baridi na, baadaye, jumba la Rais Mobutu ufukweni. Mwaka 1988 Kivu iligawanywa kuwa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na Goma ikawa makao makuu ya mkoa. Hapo ofisi zikaongezeka, na watu wakazifuata.

Watu kutoka vilimani

Wanahistoria wengi hukadiria kwamba Roma ilifikisha watu milioni moja wakati wa Augusto, zaidi ya karne saba baada ya mwaka 753 KK ambao wenyewe waliuhesabu kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa mji. Goma ilivuka idadi hiyo baada ya karne moja tu tangu mpaka uchorwe. Kufikia 2025 hesabu zilizojumlisha wakimbizi wa ndani zilikaribia milioni mbili.

Sababu zinafanana kuliko tunavyodhani. Wakulima wadogo wa Italia walipelekwa vitani mwaka hadi mwaka, na huku nyuma ardhi yao ikaangukia mikononi mwa matajiri wenye mashamba makubwa. Waliporudi hawakuwa na pa kulima, wakaenda Roma. Huku kwetu, malisho ya Masisi yaliangukia kwa wachache tangu mkoloni, na zaidi baada ya Mobutu kugawa mali za wageni kuanzia 1973. Mwaka 1993 Walikale na Masisi ziliwaka kwa vita vya ardhi na ukabila.

Julai 1994 ukaja msiba ambao Goma nzima inaukumbuka. Baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda, na jeshi lililoyafanya kushindwa vitani, watu karibu milioni moja walivuka mpaka kwa siku chache. Walipiga kambi Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga. Mwamba wa lava haukuchimbika: wala choo wala kaburi. Kipindupindu na kuhara viliua watu wapatao 50,000 katika wiki chache. Kisha mji ukawa unaangukia mikononi mwa waasi, kundi baada ya kundi: AFDL Novemba 1996, RCD Agosti 1998, M23 Novemba 2012 kwa siku chache, na M23 tena Januari 2025. Kila vita ilisukuma watu kutoka vilimani. Wengine walirudi, wengi walikodi chumba Majengo, Ndosho, Mabanga au Bujovu, wakaanza upya.

Hapo Roma ina somo jingine. Mji ule ulikua kwa kupokea. Mtumwa aliyeachwa huru na raia wa Roma aliweza kuwa raia, maadui walioshindwa walipewa uraia pole pole, na mwaka 212 Kaisari Caracalla aliwapa uraia karibu watu huru wote wa dola. Alikuwa pia anatafuta kodi, lakini tendo lilibaki. Huku kwetu sheria ilikwenda mbele na kurudi nyuma: ya mwaka 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokaa Kivu kabla ya 1950, ya mwaka 1981 ikaufuta na kudai asili ya mwaka 1885, ya mwaka 2004 ikafungua tena mlango. Mtu aliyelala raia akaamka mgeni bila kuhama nyumba yake. Vita vya Kivu vina sababu nyingi, yakiwemo majeshi ya kigeni na biashara ya madini, ila swali la nani ni mwananchi limekuwa kuni za moto kwa kila mwenye kibiriti.

Mitaani watu walilijibu swali hilo kwa njia yao. Mnande, Muhunde, Mhutu, Mtutsi, Mshi na Mrega wanaokaa avenyu moja wanaongea Kiswahili. Watoto wao wanakijua kabla ya lugha ya bibi. Mji ulijitengenezea lugha ya soko, ya kanisa, ya msikiti na ya matusi ya motari, waendesha pikipiki za abiria.

Moto wa mlima

Vesuvius ulilipuka mwaka 79 BK na kuifunika Pompeii, mji wa watu kama 11,000. Miaka 17 kabla, mwaka 62, tetemeko kubwa liliuvunja mji, na mafundi walikuwa bado wanakarabati nyumba majivu yalipoanza kuanguka. Kaisari Titus aliteua wakuu wa kusaidia walionusurika. Lakini Pompeii yenyewe haikufufuka. Ilisahaulika chini ya ardhi hadi uchimbaji ulioanza 1748.

Nyiragongo, wenye mita 3,470, hufanya kazi yake kwa namna nyingine. Lava yake ni nyepesi kupita kiasi na hukimbia. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa kileleni lilipasua ubavu wa mlima na kumwagika kwa muda usiofika saa moja, likawapita watu waliokuwa wanakimbia kwa miguu. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliingia mjini, ikameza sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege, kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na maduka ya katikati ya mji, ikafika ziwani. Ilifunika takriban asilimia 13 ya mji. Zaidi ya watu 100 walikufa, na wapatao 120,000 wakakosa makao. Mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi, na baada ya siku chache wengi walikuwa wamerudi, wakitembea juu ya mawe yaliyokuwa bado ya moto. Walijenga juu ya lava palepale ilipoganda. Penye nyumba za ghorofa, ghorofa ya chini iligeuka chumba cha ardhini na ya juu ikawa duka la barabarani.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima ulipasuka tena bila tahadhari rasmi. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, kilichoanzishwa 1986, kilikuwa kimepoteza ufadhili wake wa nje mwaka uliotangulia. Lava ilikata barabara ya Rutshuru, ikaangamiza vijiji vya Nyiragongo na kusimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Waliokufa walikuwa zaidi ya 30. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi aliamuru mitaa kumi ihamishwe, Majengo ikiwemo. Watu wapatao 400,000 waliondoka kwenda Sake, Rutshuru na Rwanda, wakiwa na magodoro kichwani na watoto mgongoni. Pale Sake wengi walikunywa maji ya ziwa, na kipindupindu kikatishia tena. Wiki chache baadaye walirudi.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya Goma na Pompeii. Wachimbaji wanaisoma Pompeii kwa sababu ilikufa. Goma imefunikwa na lava, na kila mara wenyeji wake walio hai wameijenga upya.

Siku ya Majengo

Siku huanza na bidoni za njano. Kabla ya jua, watoto na akina mama wako kwenye foleni ya bomba, au barabarani wakilisubiri lori la maji. Kisha mbabula, jiko la makaa, huwashwa. Makala yake mengi yamechomwa katika misitu ya Virunga na kushushwa mjini kwa malori, pikipiki na chukudu. Chukudu ni baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio, iliyoenea tangu miaka ya 1970, inayobeba mamia ya kilo za viazi, kabichi au makala kuteremka kutoka vilimani. Mwaka 2009 mji ulimpa mwendesha chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katika mzunguko mkubwa wa barabara. Roma iliwachongea sanamu majemadari. Goma ilimchongea mbeba mizigo, na katika hilo Goma ilichagua vizuri zaidi.

Nyumba nyingi ni za mbao na bati juu ya msingi wa mawe ya lava. Mbao ni rahisi kununua, na mtu aliyewahi kupoteza nyumba kwa lava hafikirii kirahisi kujenga ya matofali mara ya pili. Hatari yake ni moto: mbabula ikipinduka, nyumba kadhaa huungua kabla ya msaada kufika. Roma ilijua janga hilo. Maskini wake walikaa vyumba vya kupanga katika majengo ya ghorofa nyingi, tajiri chini na maskini juu karibu na paa, na moto wa mwaka 64 uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Augusto alikuwa ameshaunda, tangu mwaka 6 BK, vikosi saba vya kuzima moto na kulinda usiku. Majengo inategemea majirani, ndoo na mchanga.

Wapangaji wengi wa Roma hawakuwa na jiko, wakala kwenye vibanda vya chakula cha moto kando ya barabara. Pompeii peke yake ilikuwa na viwanda vya mikate vipatavyo 30, na mawe yake ya kusagia yalikuwa ya lava. Majengo inakula bugali, sombe, maharagi, viazi, na sambaza, dagaa walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, ambao leo ni nyama ya asiye na pesa ya nyama. Masisi huleta maziwa na jibini. Ngano ya Roma ilitoka Misri na Afrika ya Kaskazini kwa merikebu, na dola iliwagawia bure wanaume wapatao 200,000. Chakula cha Goma hakigawiwi. Kinaletwa na mama anayevuka Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda, asubuhi na beseni lake na kurudi jioni na faida ndogo, mmoja kati ya maelfu kwa maelfu wanaopita hapo kila siku mpaka unapokuwa wazi. Mpaka ukifungwa kwa vita, kwa Ebola au kwa Covid, sufuria za Majengo hujua kabla ya redio.

Mtaji wa mama huyo hautoki benki. Unatoka likelemba: wanachama wanachanga kila juma, kila mmoja anapokea zamu yake, na anayekimbia na pesa za wenzake hupoteza jina kwa avenyu nzima. Kwa likelemba watu wamelipa karo, wamezika wafu wao, wamenunua pikipiki ya kwanza ya kijana.

Maji yasiyopanda

Katika yote haya, maji ndiyo yanayohukumu. Roma ilikuja kuwa na mifereji mikubwa 11 iliyoleta maji kutoka milimani kwa mteremko tu, bila mashine. Mwaka 97 BK Frontinus aliteuliwa kuisimamia ile iliyokuwapo wakati huo, akaandika kitabu kizima juu yake, akihesabu vipimo vya mabomba na kulalamikia waliotoboa mifereji kuiba maji. Chini yake walikuwa watumwa wapatao 700 waliokuwa na kazi hiyo tu. Pompeii ilikuwa na chemchemi za umma mitaani, karibu kiasi kwamba mtu hakuhitaji kubeba mtungi mbali.

Goma ina ziwa zima mlangoni na watu wake wana kiu. Sababu ya kwanza ni mwamba. Lava ina matundu, mvua huzama, na mji hauna mto wala kijito. Mvua inayokingwa kwenye bati chini ya Nyiragongo huweza kubeba floridi ya moshi wa volkano, ambayo huharibu meno ya watoto. Sababu ya pili ni mwinuko: ziwa liko chini na Majengo iko juu, kwa hiyo maji lazima yasukumwe na pampu, na pampu zinataka umeme usiokatika. Umeme umeanza kupatikana, hasa tangu kituo cha Matebe huko Rutshuru kilipozinduliwa 2015. Sababu ya tatu haina uhusiano na jiolojia: ni kukosa dola inayowajibika. Tangi na mabomba yalipoharibiwa na lava Buhene mwaka 2021, watu wapatao nusu milioni walipungukiwa maji, na mashirika ya misaada ndiyo yaliyokimbia kuunganisha mabomba. Mji unaotegemea mfadhili kwa maji yake umekabidhi ufunguo wa nyumba kwa mgeni.

Roma haikuwa pepo. Ilijengwa kwa ushindi, utumwa na kodi ya mataifa, na hatuhitaji kuyarithi hayo. Kilicho cha kurithi ni fikra moja: maji, barabara, ulinzi wa moto na haki ya kuhesabiwa mwananchi ni kazi za dola, zenye mtu mwenye jina anayewajibika, bajeti inayorudi kila mwaka, na wafanyakazi wanaolipwa. Watu wa Majengo wamekwisha kufanya sehemu yao. Wamejenga juu ya lava, wamelisha mji, wamezima moto kwa ndoo, wamewapokea wakimbizi wa kila vita na wao wenyewe kuwa wakimbizi, kisha wakarudi.

Basi yeyote anayeitawala Goma leo, na yeyote atakayeitaka kesho, asianze kutueleza vita alivyoshinda. Wazee wa avenyu, akina mama wa soko, wanafunzi na vijana wamwulize kwanza maswali matatu: ni nani anayelipa mishahara ya wanaouchunguza mlima, barabara ipi itatutoa mlima ukipasuka, na maji ya bomba yatafika lini Majengo. Asiyeweza kuyajibu hajawa mtawala wa mji.